Magofu ya Gede: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaotaka kuutembea mji uliohamwa ndani ya msitu

## Mambo ya mwanzo

1. Gede ni mahali gani hasa?

Ni mji wa Waswahili uliojengwa kwa mawe na chokaa, ukahamwa, kisha msitu ukaumeza. Uko Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, kama kilomita 15 kusini mwa Malindi na kilomita tano hivi kutoka Watamu. Kwenye ramani na vibao utaona umeandikwa Gede au Gedi. Ni pale pale.

Eneo lililozungukwa na ukuta wa nje ni ekari 45 hivi, na ndani yake kuna ukuta wa pili uliozingira kitovu cha mji: msikiti wa Ijumaa, jumba la mtawala, makaburi ya nguzo na nyumba za wenye uwezo. Watu wa kawaida waliishi nyumba za udongo na makuti, nyingi zikiwa kati ya kuta hizo mbili. Nyumba hizo zimeoza zote. Kwa hiyo unachokiona leo ni mji wa matajiri tu, na inafaa ukumbuke hilo kila unapopita mahali palipo patupu, maana patupu hapakuwa patupu.

Gede ilitangazwa kuwa eneo la kihistoria mwaka 1927, na Julai 2024 iliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Inasimamiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.

2. Mji ulianza lini, na ulihamwa kwa nini?

Makazi yalianza kiasi cha karne ya 11 au 12. Mji ulinawiri zaidi karne ya 15, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 17 ulikuwa umebaki mtupu.

Hakuna sababu moja inayokubaliwa na wote. Zinazotajwa zaidi ni nne, na huenda zilifuatana badala ya kushindana. Visima vilianza kukauka: kisima kilicho karibu na msikiti mkuu kina dalili za kuongezwa kina. Wazimba, wapiganaji waliotoka upande wa mto Zambezi, walipita pwani hii mwaka 1589 wakipora miji. Mwaka 1593 Wareno walihamishia makao yao Mombasa kutoka Malindi, na mtawala wa Malindi akahamia huko pia, hivyo nguvu ya biashara ikasogea kusini. Kisha Waoromo walishuka kutoka kaskazini na kuifanya bara ya pwani isikalike.

Jambo la ajabu ni kwamba Wareno waliokaa Malindi, mwendo wa nusu siku kwa miguu, hawakuutaja mji huu waziwazi katika maandishi yao. Ndiyo maana karibu kila tunachokijua kimetoka ardhini.

3. Matembezi ni magumu? Huchukua muda gani?

Si magumu. Ardhi ni tambarare na njia ni za udongo uliofunikwa majani makavu. Mzunguko wa katikati ya mji pekee ni saa moja hadi moja na nusu. Ukiongeza njia ya msituni inayopita maeneo ya kuta, makumbusho na mradi wa vipepeo (swali la 25), tenga saa tatu.

Wengi hukimbia. Hupiga picha msikitini na kwenye lango la jumba, wakatoka baada ya dakika 40 wakisema wameona mawe. Tazama swali la 10 kabla hujaingia, ili mawe hayo yakuambie kitu.

## Kufika na kuingia

4. Nafikaje kwa usafiri wa umma?

Kutoka Mombasa panda matatu ya Malindi na umwambie kondakta mapema kwamba unashuka Gede. Ni safari ya kama kilomita 100. Kutoka Malindi panda zinazoelekea Watamu au Kilifi. Ukishuka kwenye njia panda ya Gede, shika barabara ya Watamu, kisha ufuate kibao kinachoingia kushoto. Kutoka barabara kuu ni kama kilomita moja kwa miguu, au dakika chache kwa bodaboda au tuktuk. Patana bei kabla ya kupanda.

Kosa la kawaida ni kumwambia dereva "Gede" tu. Kuna mji wa Gede, kuna kituo cha misitu cha Gede kilicho kwenye barabara kuu kuelekea Kilifi, na kuna magofu. Sema "magofu".

5. Saa za kufungua ni zipi, na kiingilio hulipwaje?

Lango hufunguliwa kila siku saa 2 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Kiingilio hutofautiana kwa raia wa Kenya, wakazi, na wageni kutoka nje, na watoto hulipa chini ya watu wazima. Viwango vya sasa vimebandikwa langoni. Raia, beba kitambulisho. Bila hicho huna namna ya kuthibitisha kwamba unastahili bei ya raia.

Malipo hupitia mfumo wa serikali wa eCitizen, na unaweza kulipa kwa M-Pesa. Usitegemee pesa taslimu. Weka salio la kutosha na chaji ya simu, maana mtandao unaweza kusuasua chini ya miti.

6. Niende msimu gani, na saa ngapi?

Januari hadi Machi, wakati wa kaskazi, njia ni kavu lakini joto ni kali. Julai hadi Septemba ni nafuu zaidi: kusi inavuma na hewa ni ya baridi kidogo. Masika huanza Aprili na hunyesha zaidi mwezi Mei. Vuli huangukia Oktoba na Novemba. Mvua haifungi magofu, lakini hubadilisha sakafu (tazama swali la 23).

Kwa saa, ingia lango likifunguliwa. Mwanga wa asubuhi hupenya ubavuni na kuonyesha michongo ya chokaa ambayo saa 6 mchana haionekani kabisa. Wanyama pia wako macho. Ukichagua jioni, uwe ndani kabla ya saa 9 alasiri: juani bado ni kweupe, lakini chini ya miti giza hutangulia kwa nusu saa nzima.

## Kujiandaa

7. Nivae nini?

Raba au viatu vya kufunika vidole, vyenye soli inayoshika. Ndara ndizo zinazowaumiza wageni wengi: mizizi imejitokeza njiani, na mawe ya matumbawe yaliyovunjika yana ncha kali zinazokata kama wembe. Suruali ndefu nyepesi hukukinga na mbu, kupe na upupu. Shati la mikono mirefu la pamba linatosha. Jaketi zito litakuchosha.

Ndani kuna misikiti na makaburi, na majirani wengi ni Waislamu. Mavazi ya ufukweni yaache Watamu. Mama aliyejitanda leso juu ya nguo zake amevaa vizuri kabisa kwa matembezi haya.

8. Nibebe nini, na nisibebe nini?

Maji lita moja na nusu kwa kila mtu, hata kama unakaa saa mbili tu. Kivuli kinadanganya: msitu hukata upepo na jasho halikauki, kwa hiyo unapoteza maji bila kuhisi. Ongeza dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu (pwani hii ina malaria), plasta mbili tatu, na tochi ndogo. Tochi si ya usiku. Ni ya kuangazia ndani ya visima na vidaka (vishubaka vya ukutani) vyenye kiza.

Maji yaweke kwenye chupa ya chuma au ya kudumu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga, fukwe, misitu na maeneo ya hifadhi. Chakula acha kwenye gari au ule nje ya lango. Sababu iko kwenye swali la 15.

## Ndani ya mji

9. Nahitaji mtu wa kuniongoza? Nianzie wapi?

Njia za katikati zina vibao na unaweza kutembea peke yako. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza mchukue mwongozaji wa pale langoni na mkubaliane malipo kabla ya kuanza. Mengi ya Gede ni madogo: shimo la kigingi, alama ya bakuli lililong'olewa, mchoro wa jahazi uliokwaruzwa kwenye lipu. Macho mapya hupita juu yake.

Anzia kwenye makumbusho, usiyaache ya mwisho. Humo ndimo vilimo vitu vilivyochimbuliwa, na ukishaviona, vyumba vitupu unavyovikuta baadaye vinapata wenyewe. Kisha nenda kwenye kaburi lenye tarehe, lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Kaburi hilo moja liliwapa wachimbaji mahali pa kushikilia walipokuwa wakipanga umri wa mambo mengine. Lipo pia kaburi la nguzo yenye mifuo. Makaburi ya nguzo hayapatikani kwingine ila kwenye pwani hii ya Afrika Mashariki.

Endelea msikiti mkuu, halafu jumba la mtawala, kisha mtaa wa nyumba ulio ubavuni mwake. Malizia kwa njia ya msituni ya kuta ukiwa na nguvu bado.

10. Nitajuaje ninachokiangalia?

Anza na upana wa vyumba. Vyote ni vyembamba na virefu, kiasi cha mita mbili na nusu kwenda upande. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa ikizidi urefu huo. Kwa hiyo msitu wa mikoko ndio uliopima vyumba. Tajiri aliyetaka nafasi hakupanua chumba. Aliongeza chumba kingine nyuma yake. Ndiyo maana unaingia ukumbi, kisha chumba, kisha chumba cha ndani zaidi, na kila hatua unaingia kwenye faragha ya watu.

Tazama jiwe lenyewe. Kuta zimejengwa kwa matumbawe magumu yenye matundu, yaliyochimbwa nchi kavu. Lakini sehemu zilizochongwa, kama miimo ya milango na mihrabu, ni za tumbawe laini lililotolewa baharini na kukatwa likiwa bichi, kabla halijakauka na kuwa gumu. Sogea karibu utaona tofauti: la baharini lina chembe ndogo zilizopangika, la nchi kavu lina uso wa kukwaruza. Chokaa nayo ilikuwa matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo la kuni.

Tafuta vidaka, yaani vishubaka vya ukutani vya kuwekea taa na vyombo. Tafuta mashimo madogo yaliyo kwenye mstari mmoja juu ya ukuta: vigingi vilichomekwa humo na mapazia au mazulia yakatundikwa. Tafuta chumba kisicho na mlango. Kilikuwa ghala, na mlango wake ulikuwa juu. Mtu alipanda kwa ngazi akashuka ndani, na mali ililala salama.

Usipite vyoo haraka. Vina shimo, na pembeni mahali pa kukaa na kunawia. Nyua zilizo chini kuliko vyumba zina mashimo ya kunyonya maji ya mvua. Watu hawa walifikiria maji machafu yataenda wapi kabla hawajaweka jiwe la kwanza, na hilo lenyewe linastahili dakika tano za kusimama.

11. Majina kama "Nyumba ya Mkasi" yalitoka kwa wenyeji wa zamani?

Hapana. Wachimbaji walizipa nyumba majina kwa kile kilichookotwa ndani yake. James Kirkman, aliyeongoza uchimbaji kuanzia 1948 hadi 1958, alikuta mkasi hapa, taa ya chuma pale, makombe ya kauri kwingine, sarafu ya Kichina, kisanduku cha pembe. Majina ya familia zilizoishi humo hayajulikani.

Ukitaka kuona ukubwa wa biashara yao, panga vitu hivyo akilini: kaure za China, taa ya India, mkasi wa Hispania, shanga za Venisi. Na mji wenyewe hauko hata ufukweni. Uko kilomita kadhaa ndani.

12. Kuta zote ninazoziona ni za kale?

Mawe ni ya kale, lakini kuta kadhaa zimeimarishwa. Kazi ya kuzishikiza ilianza miaka ya 1930, na ikaendelea. Chunguza ncha za juu za kuta: chokaa mpya ni laini na ya rangi moja, wakati ya zamani imebanduka na ina madoa ya kijivu. Sakafu nazo zilifukuliwa. Dari zilipoporomoka zilijaza vyumba kifusi, na kifusi hicho ndicho kilichohifadhi vitu vilivyolala chini yake.

13. Nivue viatu nikiingia msikitini?

Hutakiwi kuvua, sakafu ina mawe makali. Lakini ingia kama uingiavyo msikiti wowote: sauti chini, usiegemee mihrabu, usikae juu yake kupiga picha. Kando ya mihrabu utaona mashimo ya mviringo. Yalishikilia vibakuli vya kaure vilivyopachikwa kama pambo. Kwenye lango la mashariki, juu ya upinde, kuna mchongo wa mkuki mpana. Unahitaji mwanga wa asubuhi kuuona vizuri. Nje kuna kisima na birika la kutawadhia. Makaburini usikae wala kukanyaga, hata kama kaburi linaonekana kama ukingo wa bustani.

## Msitu

14. Ni miti gani hii?

Ni masalio ya msitu wa pwani wa nyanda za chini. Mibuyu utaijua mara moja. Mifune ina vigogo vyeupe vilivyonyooka kama nguzo, na juu ya vichwa vya miti mingine ndiko inakoanzia matawi. Kuna mikwaju, na migurure yenye mbao ngumu.

Inayosimamisha kila mtu ni miti ya jamii ya mkuyu inayoota juu ya kuta. Ndege huacha mbegu kwenye ufa, mche huteremsha mizizi kufuata chokaa hadi ardhini, mizizi hunenepa na kukumbatia ukuta. Hapo pana mtego: kwa miaka mingi mizizi ndiyo inayoushikilia ukuta usianguke, na ndiyo hiyo hiyo inayoupasua. Ukiukata mti, mizizi huoza ndani na kuacha mapengo, na ukuta huporomoka baada ya mvua kadhaa. Ukiuacha, siku mti ukiangushwa na upepo huondoka na ukuta. Kwa hiyo walinzi huamua mti kwa mti. Miche midogo hung'olewa mapema; mikubwa huachwa au hupunguzwa matawi ili isisukumwe na upepo.

15. Nitaona wanyama gani, na naweza kuwalisha kima?

Kima wamezoea watu na ndio utakaowaona kwanza. Usiwalishe, hata kama unaona wengine wakifanya hivyo. Kima aliyezoea ndizi hunyang'anya mkoba wa mtoto, huuma akizuiliwa, na mtu aliyeng'atwa au kuparuzwa lazima aoshe jeraha kwa maji tiririka na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa sababu ya hatari ya kichaa cha mbwa.

Tulia na utamuona sange mwenye matako ya rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu ambaye dunia nzima hupatikana karibu na pwani hii tu. Ukisikia mchakacho wa haraka kwenye majani makavu, usiufuate. Simama, hesabu hadi mia, naye hurudi kwenye kazi yake ya kufukua wadudu.

16. Nyoka je?

Wapo, maana ni msitu, ila wengi hukuhisi mapema na kuondoka. Kifutu ndiye wa kuangaliwa zaidi kwa kuwa hakimbii. Hulala palepale akitegemea rangi yake ya majani makavu. Kinga ni tatu: baki njiani, usitie mkono ndani ya tundu au kidaka usichokiona ndani, na usiruke gogo, kanyaga juu yake, tazama upande wa pili, ndipo ushuke.

Aliyeng'atwa akae chini, asitembee. Vua pete na bangili kabla hajavimba, tuliza kiungo kisichezecheze kwa kukifunga na kijiti, mwite mlinzi, na aliyeng'atwa apelekwe hospitali ya Malindi bila kuchelewa. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba.

17. Na siafu na upupu?

Siafu huvuka njia kwa mstari mweusi baada ya mvua. Ruka mstari kwa hatua ndefu, usisimame karibu kupiga picha. Wakikupanda, toka kwanza mahali hapo kisha uwang'oe mmoja mmoja.

Upupu hupanda kwenye vichaka vya pembeni palipo na jua, maganda yake yakiwa na vinyweleo vya rangi ya kahawia. Ukikugusa, usijikune wala kufuta kwa mkono, maana unavisambaza vinyweleo. Bandika utepe wa gundi na kuubandua mara kadhaa, kisha osha kwa maji mengi. Nguo zifuliwe peke yake.

## Kanuni na sababu zake

18. Kwa nini siruhusiwi kupanda ukuta? Unaonekana imara.

Ukuta wa Gede ni nyuso mbili za mawe zilizojazwa kifusi na chokaa katikati. Kilichokuwa kikiukinga na mvua ni dari na lipu, na vyote vimekwenda. Maji yamekuwa yakiingia kwa juu kwa zaidi ya miaka 300 na kuosha chokaa ya ndani. Mtu mmoja akikanyaga jiwe la juu, linalegea. Mvua inayofuata inapenya, na miezi kadhaa baadaye kipande kizima kinadondoka wakati hakuna mtu. Aliyesababisha hajui hata kidogo. Kuchora majina nako hutoboa lipu, na lipu iliyobaki ni chache.

19. Nimeona kigae cha kaure chini. Naweza kukichukua?

Hapana. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inavilinda vitu vya kale, na kuondoka navyo ni kosa. Zaidi ya sheria, kigae kina maana mahali kilipolala. Kikihama mita mbili tu, hakiwezi tena kusema kilikuwa chini au juu ya sakafu ipi. Cha kufanya kiko swali la 24.

20. Picha na droni?

Picha za kawaida kwa simu au kamera hazina tatizo. Filamu, harusi na kazi za biashara zinahitaji kibali cha Makavazi. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya pamoja na ruhusa ya mahali hapo, na matawi yamefungamana kiasi kwamba kutoka juu utaona majani tu.

## Hali za pekee

21. Naweza kuja na watoto, wazee au mtu wa kiti cha magurudumu?

Watoto wanapafurahia sana. Washike mikono karibu na visima. Vingine ni virefu. Wape kazi ya kuhesabu vidaka, watatulia.

Wazee waje na fimbo na wapumzike kwenye baraza la jumba, mahali ambapo wageni wa mtawala walisubiri zamani. Kwa kiti cha magurudumu, makumbusho na mwanzo wa njia hupitika kwa msaidizi, lakini vizingiti vya jumba na nyumba ni vya mawe na vya juu.

22. Nimepotea kwenye njia ya kuta. Nifanyeje?

Usikate kichaka kutafuta njia ya mkato. Fuata ukuta wowote: umezingira mji, hivyo utakurudisha kwenye njia. Ukifika msikitini una dira tayari. Makka iko karibu kaskazini kabisa kutoka Gede, kwa hiyo mihrabu inaelekea kaskazini. Ukiielekea, mashariki ni mkono wako wa kulia, na huko ndiko iliko bahari.

23. Mvua imenikuta ndani. Niendelee?

Ya manyunyu, ndiyo, kwa hatua fupi. Mawe hupata utando wa kijani unaoteleza, hasa kwenye vizingiti na ngazi za nyua zilizo chini. Ikiwa kuna upepo mkali au radi, toka chini ya miti mikubwa na usijikinge ukutani; kuta zilizolowa ndizo zinazoanguka. Rudi kwenye majengo ya langoni.

Baada ya mvua subiri nusu saa. Matawi yaliyokauka hudondoka yakishakuwa mazito kwa maji.

24. Mvua imefukua kitu, au nimemwona mtu akiharibu. Nimwambie nani?

Kitu kilichofukuliwa usikiguse. Piga picha mbili: moja karibu, na kitu cha kuonyesha ukubwa kando yake (kalamu inatosha), nyingine kwa mbali ikionyesha ukuta au mti ulio jirani. Mpelekee mfanyakazi wa langoni na umwonyeshe mahali penyewe kabla hujaondoka. Kwa anayeharibu, usigombane naye. Taja mahali na saa kwa mlinzi wa karibu.

25. Nichanganye Gede na nini siku hiyo hiyo?

Kilicho karibu kabisa ni mradi wa Kipepeo, pale pale langoni. Ulianza 1993: wakulima wanaopakana na msitu hufuga viwavi na kuuza pupa, yaani hatua kati ya kiwavi na kipepeo, hivyo msitu uliosimama unawalipa. Nenda jua likiwaka, saa 4 hadi 6. Kukiwa na mawingu vipepeo hutulia.

Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita za mraba 420 hivi, unahitaji asubuhi yake. Una kiingilio chake, ndovu, na ndege wa kutafutwa alfajiri, na huko usiende bila mwongozaji. Anza huko saa 12 asubuhi kwa kupanga mapema, kisha Gede saa 4. Mkono wa bahari wa Mida unafaa alasiri, ila uliza kwanza saa za maji kupwa na kujaa. Mnarani, Kilifi, kuna msikiti na makaburi ya nguzo juu ya mwamba. Kama unarudi Mombasa, shuka pale kabla ya saa 11 jioni.

26. Naweza kulala ndani au kutembea usiku? Ni kweli kuna mizimu?

Lango likifungwa hakuna matembezi bila mpango maalumu na uongozi, na kupiga kambi kati ya kuta hakuruhusiwi.

Kuhusu mizimu, wazee wa vijiji vya jirani wamesimulia tangu zamani kwamba mji una wenyewe, na kwamba asiye na adabu humo hujuta. Imani hiyo imesaidia miti isikatwe hata pale mashamba yalipofika hadi kwenye ukuta. Ukiwa na mwongozaji, muulize. Wengi wamezaliwa hapo. Na ukikuta kitambaa au sadaka chini ya mti, iache ilivyo na usiipige picha.